Mwanga wa Buluu Dirishani

Juzi stima zilipotea hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu magharibi. Mjukuu wangu, ambaye simu yake haikosi chaji, akakaa kando yangu kutazama sinema ya zamani ya Kimarekani, ya miaka ya 1970. Sebuleni mwa sinema ile mlikuwa na makochi, zulia, mbwa, na televisheni kubwa ya sanduku la mbao. Akaisimamisha picha, akanisogezea.

"Kukhu, hebu ona. Watu wana rangi, kochi lina rangi, mbwa naye ana rangi. Mbona TV yao ni buluu tupu? Na huu mstari mweusi unaopanda juu ni wa nini?"

Nilifurahi kuliko alivyodhani. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake, ila sikuwa na wa kunijibu, na jibu nililiokota kidogo kidogo kwa miaka mingi. Naliandika hapa ili yeye na ninyi wenzake mlipate kwa kikao kimoja.

Turudi kwanza mwaka 1982. Nilikuwa na miaka 12. Malaba ilikuwa ndogo kuliko mnavyoijua leo, lakini malori yalikuwapo, reli ilikuwapo, na Mwamba wa Tororo ulionekana ng'ambo kama unavyoonekana sasa. Jirani yetu alikuwa akiendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, na kila mtu alimwita Dereva, hata mkewe. Katika mtaa wetu ni yeye peke yake aliyekuwa na televisheni: kisanduku cha inchi 14, picha nyeusi na nyeupe, kilichoendeshwa kwa betri ya gari iliyowekwa chini ya meza. Antena ilifungwa kwenye mlingoti wa mkaratusi nje ya nyumba. Kijana mmoja aliushika mlingoti na kuuzungusha polepole, mwingine akasimama mlangoni akipiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo, usiguse!"

Wakubwa walikaa ndani. Sisi watoto tulijazana dirishani. Nilikuwa mfupi, na waliofika mapema walikuwa warefu, kwa hiyo usiku mwingi sikuiona TV yenyewe. Nilichokiona kupitia upenyo wa mabega ni nyuso za watu waliokaa kuitazama. Upande mmoja wa uso ulimulikwa na koroboi iliyokuwa juu ya kabati, ukawa wa rangi ya chungwa. Upande wa pili ulimulikwa na TV, ukawa wa buluu. Picha ilipobadilika, ubuluu ule ulicheza machoni pao. Walipocheka wote kwa pamoja nami nilicheka, bila kujua kilichotokea.

Niliishika sana picha hiyo akilini. Nilipoanza kutazama sinema za zamani, nikakuta waongozaji wa Hollywood wakifanya vilevile. Wanaigeuza TV mgongo, wanatuonyesha baba, mama na watoto, na mwanga wa buluu unawachezea usoni. Nilidhani ni urembo tu. Kumbe nyuma yake kulikuwa na taabu ya kweli, na taabu hiyo ndiyo iliyozaa mstari mweusi wa mjukuu wangu.

Picha ya TV ya zamani haikutokea kwenye kioo kwa mkupuo. Ilichorwa. Ndani ya chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa, mwale wa elektroni ulirushwa kutoka nyuma, ukapita mbele mstari baada ya mstari, kama mtu anayepalilia mahindi: anamaliza mstari, anarudi, anashika mwingine. Kwetu Kenya, na Uganda pia, shamba hilo lilikuwa na mistari 625, na lilipaliliwa lote mara 25 kwa kila sekunde. Marekani mistari ilikuwa 525, mara 30 kwa sekunde. Macho yetu hayawezi kuifuata kasi hiyo, kwa hiyo yaliona picha nzima.

Kamera ya sinema nayo ina mwendo wake. Inafumbua jicho na kulifumba mara 24 kwa sekunde. Sasa iweke mbele ya TV ya Kimarekani. Mmoja anakwenda kwa 30, mwenzake kwa 24. Kamera inafumbua jicho mwale ukiwa katikati ya shamba, na kabla haijafumba, sehemu moja ya kioo imepaliliwa mara mbili na nyingine mara moja tu. Sehemu hizo hazitoshani kwa mwanga. Na kwa kuwa kila inapofumbua inaukuta mwale mahali pengine, mpaka kati ya mwanga na giza unasogea. Huo ndio mstari unaopanda. Mkitaka kuuona wenyewe, mtafuteni fundi mwenye TV ya mgongo mkubwa inayofanya kazi bado, muielekezee kamera ya simu.

Watengeneza sinema walihangaika na mstari huo. Wengine waliipiga picha TV ikiwa imezimwa, kisha wakabandika picha ya kioo kwenye filamu huko maabara. Waliofanya kazi Ulaya walikuwa na nafuu, kwani TV za huko zilikwenda mara 25, nao waliiongeza kamera kasi kidogo ili ziende sambamba. Baadaye mafundi wa elektroniki walitengeneza mitambo ya video iliyokwenda mara 24 kama filamu. Lakini hila ninayoipenda kuliko zote ni ya Stanley Kubrick. Katika sinema yake ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey, wanaanga wana vioo bapa vya kutazamia habari wakiwa mezani. Vioo bapa vya namna hiyo havikuwapo duniani. Nyuma ya vioo vingi vya chombo chao walificha projekta za filamu za milimita 16, zikimulika kutokea nyuma. Kwa hiyo TV ya kisasa kabisa katika sinema ilikuwa sinema ndani ya sinema. Mtu akiitazama leo, anaona kitu kinachofanana sana na simu na tableti zenu.

Na ubuluu je? Hapo lawama ni ya filamu. Filamu ya kupigia picha ndani ya nyumba ilitengenezwa ili iuzoee mwanga wa balbu za waya, ambao una umanjano mwingi. Mwanga mweupe wa TV una ubuluu mwingi kuliko wa balbu. Wataalamu huipima tofauti hiyo kwa kelvini: taa za studio ni 3,200, nyeupe ya TV ya rangi ni 6,500, na nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimefikishwa 9,300. Filamu iliyozoea 3,200 ikikutana na 9,300, inaona buluu. Macho yetu dirishani kwa Dereva yalifanya vivyo hivyo, kwa sababu koroboi ni ya manjano zaidi hata ya balbu.

Baada ya muda ubuluu huo ukawa desturi. Fundi wa taa alichukua taa ya kawaida, akaweka karatasi angavu ya buluu mbele yake, akapunga mkono ili mwanga uchezecheze, na watazamaji wote wakajua kwamba pale pana TV hata kama haipo. Mwaka uleule wa 1982 niliokuwa nikisimama dirishani, Marekani walitoa Poltergeist, sinema ya kutisha, ambamo msichana mdogo anakaa usiku mbele ya kioo chenye chengachenga, na mwanga wake unamwosha usoni. Mkiitazama, msiitazame peke yenu.

Sasa rangi. Televisheni ya rangi ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Kampuni ya RCA ilitoa sanduku lililoitwa CT-100, lenye kioo cha inchi 15, kwa dola 1,000. Fedha hizo zilizidi nusu ya bei ya Chevrolet mpya ya bei nafuu. Mngetarajia sinema za miaka hiyo zijae TV za rangi, kwa vile ndiyo iliyokuwa ajabu mpya. Haikuwa hivyo. Hollywood iliiogopa televisheni, maana watu walikuwa wakibaki nyumbani na viti vya majumba ya sinema vikikaa vitupu. Wakubwa wa sinema wakajibu kwa vitu viwili ambavyo TV za watu wengi hazikuwa navyo: rangi na upana. Kuikubali TV ya rangi ndani ya sinema ilikuwa kama mwenye duka kumsifia jirani anayemnyang'anya wateja.

Sinema mbili zinaonyesha uhasama huo waziwazi. Katika All That Heaven Allows ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Douglas Sirk, mama mjane analetewa TV kama zawadi ya Krismasi ili asisikie upweke. Sinema nzima ina rangi za kupendeza, lakini TV ile imezimwa, na kwenye kioo chake mama yule anaiona sura yake mwenyewe imetulia. Ni picha ya huzuni, na kwangu hakuna sinema iliyoishtaki televisheni vikali kuliko hiyo. Miaka miwili baadaye, katika Will Success Spoil Rock Hunter?, mwigizaji Tony Randall anaikatisha hadithi na kuwaambia watazamaji kwamba kuna wapenzi wa TV miongoni mwao. Papo hapo picha pana ya rangi inasinyaa, inakuwa kisanduku kidogo cheusi na cheupe. Wakati huo TV za rangi zilikuwa zikiuzwa kwa miaka mitatu.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa hesabu nyingine, na hapa nataka wanangu wa Busia na Malaba mnisikilize vizuri, kwa sababu mpaka mnaouvuka kila siku uliwahi kuwa mpaka wa rangi.

Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, zote nyeusi na nyeupe. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na yenyewe iliruka moja kwa moja kwenye rangi, kabla hata Afrika Kusini haijawa na televisheni ya aina yoyote. Kule ilianza mwaka 1976. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Uganda ilipata rangi mwaka 1975, Idi Amin alipowaalika wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mkutanoni Kampala na kutaka dunia iione nchi yake inang'aa. Kenya ilifuata mwaka 1978. India, ambayo sinema zake za rangi zilitazamwa kote Afrika Mashariki, TV yake ilipata rangi mwaka 1982.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu, mtu aliyesimama kwenye daraja la Malaba alikuwa na taifa la TV ya rangi upande mmoja na taifa la TV nyeusi na nyeupe upande wa pili. Lakini wazazi wetu walikumbuka miaka hiyo kwa mambo mengine. Baridi kali iliiua mikahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani, na magunia ya kahawa ya Uganda yakawa yanavushwa usiku kuja Kenya. Soko la Chepkube, huko chini ya Mlima Elgon, lilipata jina kwa magendo hayo. Kutoka kwetu kwenda kwao zilivuka sabuni, chumvi na sukari. Serikali ilikuwa na kamera za rangi, na mwananchi wa kawaida hakuwa na sabuni ya kuogea. Kila ninaposoma kwamba Uganda ilitutangulia kwa rangi, nakumbuka na hilo.

Narudi kwa Dereva. Kabla hajapata TV ya rangi, alijaribu kuitengeneza. Alirudi safari moja na karatasi ya plastiki angavu yenye mapana matatu: juu buluu, katikati wekundu uliofifia, chini kijani. Akaibandika juu ya kioo. Kama picha ilikuwa ya mbuga, yenye anga juu na majani chini, plastiki ile ilisema kweli. Msomaji wa habari alipotokea, alikuwa na nywele za buluu na tai ya kijani. Hakuna aliyelalamika. Tulikaa nayo karibu miaka mitano, na mama yangu aliamini hadi mwisho kwamba ile ndiyo TV ya rangi.

Ile ya kweli ilifika Julai 1987. Ilishushwa kwenye basi, ikafungwa kwa blanketi na kamba za mpira juu ya baiskeli. Mnajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. TV ya Dereva iliingia nyumbani kwa bodaboda, mwendeshaji akiisukuma kwa miguu, na watoto wapatao ishirini wakiandamana nyuma kama wanaopeleka bibi arusi. Betri haikuitosha, kwa hiyo jenereta nayo ikanunuliwa.

Mwezi uliofuata Michezo ya Afrika Nzima ilichezwa Nairobi, katika uwanja mpya wa Kasarani, na televisheni ya taifa, Sauti ya Kenya, ikairusha. Nilikuwa nimetimiza miaka 17, nikaruhusiwa kukaa ndani. Sitasahau njia ya kukimbilia ilivyokuwa nyekundu, wekundu wa udongo wetu baada ya mvua, na majani ya katikati yalivyokuwa kijani. Katika fainali ya mpira timu yetu ya Harambee Stars ilifungwa na Misri bao 1 kwa 0. Nyumba nzima ilinyamaza. Nikageuka kutazama dirishani, na safari hii watoto waliokuwa nje walikuwa na rangi usoni: kijani kidogo cha uwanja, kisha wekundu, kisha buluu tena.

Siri ya rangi ile niliipata kwa kosa. Kaka yangu alikuwa amebomoa redio mbovu, akatoa sumaku ya spika. Mchana mmoja tulipoachwa peke yetu sebuleni, aliisogeza kwenye kioo. Uso wa mtangazaji ukageuka kijani, kisha zambarau, ukavutika kama unga uliotiwa maji. Tulicheka. Alipoiondoa sumaku, doa la zambarau likabaki pembeni. Kicheko kikaisha.

Nitawaambia kilichotokea. TV nyeusi na nyeupe ina mwale mmoja. Ya rangi ina mitatu: mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Nyuma ya kioo kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu maelfu kwa maelfu, kama chekeche. Kila mwale unapita tunduni kwa pembe yake na kugonga doa la rangi yake tu. Sumaku yetu iliipinda miale, na pia ililitia bamba usumaku, ndiyo maana doa lilibaki. Lakini waliotengeneza TV zile walijua kwamba duniani kuna watoto. Walizungusha waya maalumu pembeni mwa kioo, unaoliondolea bamba usumaku kidogo kila TV inapowashwa. Mlio mzito uliokuwa ukisikika wakati wa kuwasha ulikuwa kazi ya waya huo. Jioni ya kwanza doa lilikuwapo, Dereva akasema labda ni jenereta. Jioni ya pili limefifia. Ya nne halikuonekana. Kaka yangu hakuwahi kukiri.

Rangi zile tatu mnaweza kuziona leo. Fungueni ukurasa mweupe kwenye simu, mchovye kidole majini, mdondoshe tone dogo sana juu ya kioo. Tone linakuza kama lenzi, na ndani yake mtaona nyekundu, kijani na buluu zikiwa zimepangwa. Nyeupe haimo kabisa.

Kisha zikaja video, na mabanda ya video Busia na Malaba, na huko nikaona jambo la kinyume. Kanda iliyorekodiwa kwa mfumo wa Marekani, ikichezwa kwenye vyombo vya mfumo wetu wa PAL, ilipoteza rangi zake au picha ikaviringika bila kutulia. Sinema ya rangi, TV ya rangi, na tunachokiona ni cheusi na cheupe. Wafanyabiashara walioleta kutoka Dubai TV za mifumo mingi walipata wateja haraka.

Tangu nielewe haya, kila nionapo TV ndani ya sinema inayosimulia zamani naichunguza. Back to the Future ya mwaka 1985 ilijitahidi: kijana anarudi mwaka 1955, anakuta familia imenunua TV yake ya kwanza, na picha ni nyeusi na nyeupe kama inavyopaswa. Hata hivyo walikosea. Usiku ule ni wa Novemba 1955, na kipindi cha The Honeymooners wanachokitazama kilirushwa mara ya kwanza tarehe 31 Desemba mwaka huo. Nasi tuna sinema zetu za zamani hiyo. The Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981 ilipigwa hapa Kenya, na aliyekuwa Amin ni Joseph Olita, mtu wa Siaya, jirani zetu kabisa. Miaka kumi baadaye alimwigiza tena Amin katika Mississippi Masala.

Wengi wenu sasa mnapiga filamu fupi kwa simu, na najua siku moja mtataka kusimulia maisha ya babu na bibi zenu hapa mpakani. Nawaomba mwe waangalifu kuliko Hollywood. Kama hadithi yenu iko Kampala mwaka 1972, wakati Amin anawafukuza Waasia, kioo kiwe cheusi na cheupe. Kama ni Malaba mwaka 1976, upande wetu kiwe cheusi na cheupe, na ng'ambo ya daraja mnaweza kuweka rangi. Kama ni mtaani kwetu mwaka 1983, tafuteni plastiki ya rangi tatu. Na mkikosa TV ya kufaa, geuzeni sanduku lolote mgongo, muimulike nyumba kwa koroboi upande mmoja na taa yenye karatasi ya buluu upande wa pili, kisha muipeleke kamera nje, dirishani, kwenye nyuso za watoto.